Mtani wa Rais

Dada yangu aliitwa Mama Rais kwa miaka mingi, na mimi niliitwa mke wa muuza nyama. Silalamiki. Nasema ili mjue kilichokuwa kinanila. Sisi ni watoto wa tumbo moja. Tumelala kitanda kimoja kule Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, ambako baba yetu, mtu wa Pwani aliyepanda bara na biashara ya vitambaa, alifungua hoteli ya chai ya madereva wa malori. Tumeosha vikombe vilevile katika karai lilelile. Hakunizidi sura, hakunizidi mapishi, na kusoma Kurani nilimtangulia mimi. Halafu tukaolewa wote Mbeya, yeye na fundi cherehani, mimi na mwenye bucha, na tangu hapo yeye akawa wa kupita na mimi wa kusogea ili apite.

Urais wenyewe haukuwa wa nchi. Miaka ile ya hamsini nchi ilikuwa ya Waingereza, na siasa ilizungumzwa kwa kunong'ona. Lakini mjini marais walijaa tele. Kila chama cha ngoma kilikuwa na Rais wake, Katibu wake, hata Daktari wake ambaye hakuwahi kushika sindano. Chama chetu kilikuwa cha watu wa mjini wa makabila mbalimbali, wengi Waislamu. Tulicheza ngoma siku za Idd, tukapikiana harusini, tukazikana. Tulikuwa na nyumba yetu ya mikutano, ya bati, karibu na Sokomatola, na hapo ndipo mke wa Rais alipokuwa akikaa kwenye kiti cha mikono chenye mto, sisi wengine tuko mikekani. Sinia la kwanza lilikwenda kwake. Akikohoa, mtu anakimbilia maji. Nilimwangalia akiyanywa yale maji, na koo lililokauka lilikuwa langu.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonikaba ni mama. Baba alipofariki, mama alikuwa akija Mbeya kila Idd, na akija alifikia kwa dada. Kwangu alikuja siku moja alasiri kunisalimia, kama anavyosalimiwa jirani. Nilipomuuliza kwa nini halali kwangu hata mara moja, alinijibu bila ubaya wowote kwamba kwa dada yako watu wanaingia na kutoka, mtu hapati upweke. Watu walikuwa wanaingia na kutoka kwa sababu ya urais. Kwa hiyo nilijua dawa ni moja tu, mume wangu naye awe Rais.

Shemeji yangu, huyo Rais, alikuwa Mhehe mrefu, mpole, mwenye mkono mwepesi kwenye cherehani. Hakuna aliyewahi kusimama kushindana naye, na sababu ilikuwa inaonekana kwa macho. Makoti na kanzu za chama alishona yeye, za kila mtu, kwa vipimo alivyovijua kichwani. Utasimamaje kumpinga mtu ambaye amekushonea hata hilo vazi ulilosimama nalo?

Mume wangu alikuwa Mngoni. Alikuja Mbeya na malori kutoka Songea, akabaki kwa ajili ya biashara ya nyama, na baadaye kwa ajili yangu. Mhehe na Mngoni ni watani, hilo kila mtu nchini analijua. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakapeana ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Mtani anaweza kukuvua kofia barabarani na kwenda nayo. Siku ya msiba anafanya anayotaka, na wafiwa hawana la kusema. Juu ya hayo, hawa wawili walikuwa wamewaoa ndugu wawili, kwa hiyo walikuwa pia mwanyumba na mwanyumba. Walipokutana asubuhi sokoni ilikuwa kelele.

Mwaka mmoja nilimwambia mume wangu asimame agombee. Nilifikiri itanibidi nimbembeleze wiki nzima. Alifuta kisu chake, akasema sawa, hata yeye ameona mambo hayaendi.

Na kweli hayakuwa yanaenda. Paa la nyumba ya chama lilivuja juu ya ngoma kubwa mpaka ngozi ikalegea. Mstari wa mbele siku za Idd ulijaa Wahehe. Majembe ya kuchimbia makaburi yalikuwa yamepotea, na tulipofiwa tuliazima kwa wenzetu wa chama kingine, aibu tupu. Mikutano haikuanza mpaka Rais amalize chai yake. Mume wangu aliyasema yote hayo, hakuacha hata moja. Aliyasema buchani akikata nyama, kwa kinyozi, na pale nyumba ya chama Ijumaa baada ya swala.

Lakini aliyasema kwa namna yake. Alisema Rais wetu ana miguu ya korongo, ndiyo maana maji yakijaa ukumbini yeye hajui kama sisi tunalowa. Alisema majembe hayakupotea, Rais ameyafanya sindano za kushonea magunia. Watu walishika mbavu. Na shemeji hakukaa kimya. Alimuuliza mbele ya watu, wewe Mngoni ukiwa Rais, panya wa soko hili ataliwa na nani? Watu wakashika mbavu tena. Mume wangu mwenyewe alicheka mpaka machozi, akampa mshindani wake kipande cha maini aende nacho nyumbani kwa dada yangu, akale vizuri.

Nilianza kuwauliza wanawake waliokuja kununua nyama kama watasimama upande wetu. Wote walinisifia mume. Walisema tangu lini Mbeya pakachekwa hivi. Nikiwauliza tena, je, mtasimama upande wetu, walinitazama kama mtu asiyejua mambo ya mjini. Mmoja, shoga yangu aliyekuwa akiuza maandazi jirani na bucha, ndiye aliyenionea huruma akanieleza.

"Mwenzangu," aliniambia, "mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unacheka kwanza. Moshi utautazama baadaye."

Nilikaa juu ya gogo la kukatia nyama nikafikiri. Ilikuwa kweli. Mume wangu angeweza kusema Rais ameuza nyumba ya chama na ngoma zake, na watu wangempigia makofi, wakaenda nyumbani kupika. Maneno ya mtani hayashikwi. Tulikuwa tumemsimamisha mtu wa pekee mji mzima ambaye hawezi kumlaumu Rais akaaminika. Hasira niliyoipata sikujua niielekeze kwa nani, kwa hiyo niliielekeza kwa dada, kama kawaida.

Nikaamua kwamba maneno yaleyale ayaseme mtu mwingine. Palikuwa na seremala mmoja wa Kinyakyusa, mwanachama wa siku nyingi, ambaye hakuwa na utani na Mhehe yeyote. Naye alikuwa na donge lake, alichoka kupangwa nyuma kila Idd. Nilimwendea nikampa maneno ya mume wangu, nikiwa nimeyatoa pilipili na viungo vyote, yamebaki makavu. Nilimkataza kucheka. Akasema hilo si tabu, yeye si mtu wa kucheka. Mume wangu sikumwambia kitu.

Mkutano ulikuwa Jumapili alasiri, mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ile inayoingia mpaka kwenye meno, ukungu umeshuka kutoka mlima Loleza. Kura zetu hazikuwa za karatasi. Kila mgombea alisimama uani na watu wakajipanga nyuma yake, wanaume kwa wanawake, kila mtu anaona nani yuko wapi. Kabla ya kujipanga watu waliruhusiwa kusema. Mama alikuwapo, amekaa karibu na kiti cha dada, amejifunika shuka alilopewa na dada.

Mume wangu alisema yake, watu wakacheka sana. Kisha seremala akasimama. Alisema paa linavuja na Rais anajua. Alisema mstari wa mbele umegawiwa kwa ukabila. Alisema chama kinachoazima majembe ya kuzikia watu wake kina kiongozi wa jina tu. Alisema polepole, na uso wake ulikuwa kama ubao.

Hapakuwa na kicheko. Nilimtazama shemeji, nikaona kichwa kimeinama. Nilimtazama dada. Mkono wake ulikuwa kwenye sahani ya korosho na haukutoka. Nilikuwa nikilisubiri lile jicho lake la kuchanganyikiwa tangu siku alipokalia kile kiti, na sasa nililiona, na moyo wangu ulipoa kama mtu aliyekunywa maji ya mtungini. Watu walianza kutazamana. Kama tungejipanga dakika ile, naapa, tungeshinda.

Mume wangu akasimama. Nikajua anataka kupigilia msumari. Alivuka mkeka akaenda mpaka mbele ya seremala.

"Wewe nani kakupa ruhusa?" alimuuliza. "Huyu ni Mhehe wangu mimi. Kumtukana nimeachiwa na babu zangu. Wewe umeachiwa na nani?"

Seremala alijibu kwamba hakutukana, amesema kweli, tena kweli aliyoisema yeye mwenyewe mume wangu. Mume wangu akasema ndiyo, ni kweli, lakini ni kweli yake yeye, na mtu akimgusa mtani wake mbele ya watu amemgusa na yeye. Palichafuka. Wazee wa chama wakapata pa kushika. Wakasema seremala amemvunjia Rais heshima na hana utani naye, atoe faini ya jogoo. Aliyependekeza jogoo awe mkubwa ni mume wangu. Mgombea wangu. Mtu niliyemfulia kanzu ya siku hiyo kwa mikono yangu miwili.

Shemeji aliinua kichwa, akamwambia kaa chini, mla panya, umenitetea mpaka umenitia aibu. Kicheko kilichotoka hapo kilisikika nadhani mpaka sokoni. Na wakiwa bado wanacheka, wakaenda kujipanga. Mstari wa Rais ulitoka uani ukazunguka choo. Wetu haukulifikia pipa la maji. Nilikuwa nimesimama mimi, yule shoga yangu wa maandazi, na Wangoni wachache. Wangoni wengine walikuwa kule kwa Mhehe, wamevaa makoti yake. Seremala hakusimama popote, alikwenda zake akibamiza geti, na baada ya hapo hatukumwona chamani.

Dada hakunicheka. Angenicheka ingekuwa nafuu. Alinisogezea nafasi kwenye sinia lake akasema, "Njoo ukae huku, mdogo wangu, huko kuna baridi." Nikaenda kwa sababu macho ya watu yalikuwa kwangu. Ile pilau ilikuwa tamu, na niliichukia kwa utamu wake. Mama alinigusa goti akasema kwa sauti, wote wakasikia, kwamba nione mwenzangu alivyo na moyo.

Mume wangu nilimpikia bila chumvi wiki nzima. Alikula bila kuuliza. Siku niliyomkabili, alinijibu kwa mshangao wa kweli kwamba angefanyaje, na mtani wake alikuwa anatukanwa na mtu baki.

Mkidhani aliacha kugombea, hamumjui. Kila mwaka alisimama na kila mwaka akashindwa. Ikawa mkutano hauanzi mpaka afike. Watu walileta wageni kutoka Tukuyu na Chunya waje wamsikie mgombea anavyomchambua Rais. Wanasema aliye juu mngoje chini. Nilingoja mpaka shingo ikakakamaa, na aliye juu hakuteremka. Mama alizidi kuzeeka, na aliendelea kufikia kwa dada.

Kuelekea mwisho wa miaka ile shemeji akaugua kifua wakati wa masika, akafariki. Mazishini mume wangu alifanya yote ya mtani. Alivaa kofia ya marehemu, akatundika shingoni ile tepu yake ya kupimia, akawa anawapima waombolezaji mikono akiwaambia kitambaa hakitoshi, rudini kesho. Watu walilia na kucheka kwa pamoja. Kisha akashuka kaburini kuupokea mwili, akapanda juu. Alilia akiwa amekaa kwenye udongo, mabega yanatikisika, mpaka wanaume wakambeba. Mimi niliwahi kuugua nikakaribia kufa, na hakunililia hivyo. Nilisimama na wanawake pale mbali, nikamwonea wivu maiti.

Baada ya arobaini chama kikakutana kuchagua Rais mpya. Nilisema moyoni, sasa njia ni nyeupe. Mume wangu alisimama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema bila utani. Alianza, "Wanachama wenzangu, chama hiki." Watu wakaanza kucheka. Aliinua mkono kuwatuliza, wakacheka zaidi. Alijaribu tena, na wakawa wanasubiri mwisho wa kichekesho ambacho hakikuwapo, na hakikuja, na wao wakacheka tu kwa mazoea. Wakamchagua Katibu, mtu mkavu ambaye sijawahi kuyaona meno yake. Mkewe akakalia kile kiti, na sikumwonea wivu hata kidogo, kwa sababu hakuwa dada yangu.

Nilikwenda kumtazama dada akiwa bado kwenye eda. Alikuwa chumbani, amekaa mkekani kama sisi wengine, hakuna aliyekuwa anaingia wala kutoka. Nilimhurumia. Pia nilistarehe, siwezi kuficha. Niliketi sawa na yeye, goti kwa goti, nikaona sasa tumelingana.

Aliniuliza habari za mume wangu. Nikasema yuko, kimya siku hizi, buchani hapana kelele. Dada akatikisa kichwa, akasema anajua, kwa sababu hata marehemu, kama yeye ndiye angefiwa na mtani wake, angekuwa vilevile. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelijua miaka yote ile.

"Marehemu alikuwa halali," alisema. "Mumeo akishamtania, watu wakishaenda zao wanacheka, yeye alirudi hapa ananyamaza. Kesho yake analitengeneza jambo lile. Alikuwa akisema wote wananisifu, mtani tu ndiye ananiambia. Ule urais, mdogo wangu, mumeo ndiye aliyemshonea."

Nikakumbuka. Bati lilibadilishwa mwaka ule ule wa seremala. Ngoma ziliwambwa upya. Majembe yalinunuliwa, mstari wa mbele ukapangwa kwa zamu. Kila mwaka mume wangu alikuwa na lawama mpya, nami niliona ni ufundi wake wa maneno, kumbe za zamani zilikuwa zimekwisha kwa sababu alizisema. Alikuwa anamponya mgonjwa ambaye mimi nilitaka afe.

Nilimuaga dada nikarudi kwa miguu, na wivu niliodhani umezikwa ulikuwa unatembea na mimi bega kwa bega. Akili yote ya mume wangu ilikwenda nyumba ile. Sifa zilipatikana kule, watu walijaa kule, na mama akafuata watu. Mimi nilibaki na mifupa.

Nilimkuta buchani peke yake, ananoa kisu ambacho hakikuhitaji kunolewa. Nikamwambia alichoniambia dada. Hakustuka.

"Nilijua," alisema.

Nikamuuliza kama alijua, kwa nini hakunyamaza. Angenyamaza tu, mambo yaoze yenyewe, watu wamchoke Rais wao, wamfuate yeye nyumbani kumwomba. Si ndivyo watu wanavyotoka na wengine wanaingia?

Aliweka kisu chini. "Chama kiharibike, halafu ndio nikitawale?"

"Ndiyo," nilimwambia. "Kingeharibika. Kingeharibika chote, mpaka wazikane kwa mikono."

Alinitazama usoni. Kisha akaanza kucheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akacheka mpaka akashika gogo la nyama, akasema alhamdulillahi, kumbe amepata mtani mwingine humu humu nyumbani mwake.

Sikuwa natania.